Maua Yasiyokula Udongo

Watu waliokimbia Mulekera asubuhi ile walibeba magodoro, sufuria na mbuzi. Victoire Kavira alibeba gunia la okidi.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mkulima wa kakao pembezoni mwa Beni, hana mume wala mtoto. Okidi zilikuwa zinaota zenyewe kwenye mibuni mikongwe nyuma ya nyumba yake, na kwa miaka mingi alizitunza pale pale juu ya matawi, akakataza watu wasizikwangue. Risasi zilipoanza kusikika mtaa wa pili, alichukua panga, akazibandua moja moja pamoja na magome yake. Majirani walimpigia kelele akimbie. Hakukimbia mpaka alipomaliza mbuni wa mwisho.

"Mama, iko nini mule mu gunia?" aliuliza mwenye pikipiki.

"Mali yangu."

"Ninaona majani tu."

"Endesha."

Huko Butembo alipokelewa na mdogo wake Éphraïm, muuza misumari na mabati, mwenye nyumba nzuri ya matofali katika mtaa wa Vulamba. Ornella, mke wa Éphraïm, alifungua gunia akidhani ni unga. Akabaki ameshika mdomo.

"Yaya," alisema, kama huko wanavyomwita dada mkubwa, "bantu banabeba batoto, weye unabeba majani?"

"Batoto hapana niko nao," Victoire alijibu. "Majani njo niko nayo."

Ornella alilifunga tena gunia. Alimpa chumba cha nyuma na blanketi mbili, maana Butembo iko juu na baridi yake haina mchezo.

Victoire alijua kakao, kwa hiyo alianza kama mtu wa kakao. Alijaza udongo mweusi kwenye makopo ya maziwa, akapanda okidi zake, akamwagilia. Ukungu wa Vulamba ulishuka kila asubuhi na ule udongo haukukauka hata siku moja. Kabla mwezi haujaisha tatu zilikuwa zimelegea. Aliposhika moja ikang'oka bila kuvutwa. Mizizi ilikuwa imeoza, laini kama ndizi iliyosahauliwa, na ilinuka.

Alikaa kwenye kiti cha jikoni na kile kitu mkononi, akakasirika. Hakuikasirikia baridi. Alijikasirikia mwenyewe. Miaka yote amezitazama kule juu ya mbuni. Zilikuwa zinakula nini? Upepo, na mvua iliyopita ikaenda zake. Ni nani aliyewahi kuona mbuni uliojazwa udongo kwenye matawi?

Siku hiyo hiyo alizitoa zote kwenye makopo. Alianza kwa vipande vya mikaratusi alivyookota kwa wapasua mbao, lakini gome la mkaratusi lilibanduka lenyewe baada ya wiki chache, likaangusha mmea chini. Ndipo alipompata mzee mmoja, kwenye njia ya kwenda Lubero, aliyekuwa anang'oa mibuni yake iliyozeeka. Alimwomba mashina. Mti wa kahawa ni mgumu, hauozi haraka, na gome lake lina mikwaruzo ambayo mzizi unaweza kuishika. Aliyakata urefu wa mkono, akazifunga okidi kwa vipande vya kikwembe, kitenge cha zamani, maana waya hukata mizizi.

Zile zenye uvimbe wa kijani kama vitunguu kwenye shina alizitia ndani ya vikapu vilivyosukwa kwa mianya mikubwa. Humo aliweka makaa yaliyovunjwa, yakaoshwa mpaka maji yakatoka meupe, na maganda magumu ya mbegu za mawese. Maji yakiingia yatoke, upepo upite. Aina moja tu, ambayo hata kule kwake ilikuwa inaota chini kwenye majani makavu, ndiyo aliyoiacha kwenye udongo.

Vyote alivitundika kwenye ukuta wa mbele, upande unaopata jua la asubuhi. Kwa miezi miwili vilifanana na kuni. Watu wa mtaa waliita nyumba ile kwa bibi wa kuni. Victoire alinyunyiza maji kila asubuhi, akawajibu salamu zao, akaendelea. Mwezi wa tatu mizizi mipya ilitokea, myeupe yenye ncha za kijani, ikakamata mti kama vidole.

Hapo ndipo Audrey, binti wa Éphraïm, alipochumbiwa. Wakwe walikuwa waje Jumapili. Ijumaa Éphraïm alirudi dukani na vyungu sita vyeupe vya plastiki na gunia la udongo.

"Yaya, nimekuletea pots za mzuri. Zile miti toa ku ukuta. Bageni batasema tunatundika kuni."

"Asante. Lakini hapana."

"Hapana nini? Maua iko maua. Maua inakaa mu pot, na udongo yake."

"Hii haikule udongo, Éphraïm. Ilikufa tatu. Uliona."

"Ni kwa siku moja tu, yaya."

"Nimesema hapana."

Jumapili Victoire alikwenda misa ya kwanza. Aliporudi ukuta ulikuwa mtupu. Vyungu sita vilikuwa vimepangwa mbele ya mlango, na okidi zake zote zimezikwa humo mpaka shingoni, udongo umeshindiliwa kwa nguvu na kumwagiliwa. Vikwembe vilivyokatwa kwa kisu vilikuwa chini. Wakwe walikuwa wamekwisha kufika, wamekaa uani kwenye viti vya kukodi, na mama mzazi wa bwana arusi, Yolande, alikuwa ndiyo kwanza anasifia vile vyungu.

Victoire hakusalimia. Aliingia ndani bado na nguo zake za misa, akatoka na beseni la maji, akapiga magoti mbele ya wageni wote, akaanza kung'oa. Moja moja. Alizitikisa, akaziosha, akafungua vidole vya mizizi kuona ipi imevunjika. Tope lilimrukia kifuani.

"Huyu mama iko na nini?" Yolande aliuliza hatimaye. "Vita ilimugusa kichwa?"

Victoire aliinua uso. "Vita ilikamata nyumba yangu, mama. Ilikamata shamba. Hii hapana ilikamata, kwa sababu nilibeba kwa mikono yangu. Sasa munataka niikufishe juu ya aibu ya ukuta?"

Akarudi kwenye beseni lake. Baada ya muda mazungumzo ya uchumba yaliendelea, kwa sauti ndogo, nyuma ya mgongo wake.

Wageni walipoondoka Éphraïm alikuja kwa hasira. "Umeniaibisha mbele ya bakwe!"

"Kweli, nimekuaibisha. Lakini nilisema hapana mara mbili. Ulifikiri hapana yangu iko nini?"

"Hii nyumba iko yangu!"

"Njo maana ninatoka."

Éphraïm alidhani anatania. Jumatano alikuwa amefunga mashina yake juu ya pikipiki, anarudi Beni. Kila mtu alimwambia angojee amani. Aliwajibu kwamba amani ameingojea tangu alipokuwa msichana.

Hakurudi Mulekera. Alipanga chumba katika Beu, mtaa mwingine wa Beni, karibu na soko, akauza ndizi, na akapigilia misumari kwenye ukuta unaoelekea barabara. Lakini Beni ni joto. Kile kilichoziokoa okidi Butembo kilianza kuziua: juu ya mti mtupu, bila kivuli cha matawi ya mibuni, mizizi ilikauka, majani yakakunjamana. Kwa ukaidi wake alikataa kukubali, na ukaidi huo ulimpotezea mbili. Ndipo alipoteremka mtoni, akakusanya yale manyoya ya kijani yanayoota juu ya mawe, akaizungushia mizizi ili ishike unyevu. Mashina akayahamishia kwenye kivuli. Akamwomba mama mfinyanzi amtobolee vyungu vya udongo pande zote kabla ya kuvichoma, na humo akatia makaa na magome.

"Unafanya hii yote," alisema jirani yake Anne-Marie, "na kama mwezi wenye kuja tunakimbia tena?"

"Tukikimbia nitabeba. Tusipokimbia itachanua. Kwa nini mikono yangu ikae bure?"

Chungu kimoja cha upande wa barabara kiliibwa. Alitundika kingine kwenye msumari ule ule. Kikaibwa nacho. Alitundika cha tatu, na hicho kilibaki.

Mvua za Septemba zilipoanza, Éphraïm alikuja Beni kwa mambo ya mabati. Alisimama barabarani kwa muda kabla ya kupiga hodi. Ukutani maua meupe yalikuwa yamefunguka, kila moja na mkia mrefu mwembamba nyuma yake, kumi na moja kwenye shina moja. Alikunywa chai, akatoa habari za ndoa ya Audrey. Kisha akasema, bila kumtazama dada yake, kwamba Ornella anaomba moja.

Victoire alimpa kipande cha mbuni, mche na kikwembe. "Funga mwenyewe."

Alifunga kama anafunga mzigo wa misumari, akafungua, akafunga tena.

"Kaza. Ikitikisika haitashika. Sasa sikiliza: miezi tatu itakuwa sawa kuni. Bantu batacheka. Utafanya nini?"

"Nitabaacha bacheke."

"Na Ornella akisema uweke mu pot na udongo?"

Éphraïm alijikuna shingo. "Yaya, ile... Unamujua Ornella. Sitaweza kumukatalia."

Victoire alimnyang'anya kipande kile, akakitundika ukutani. "Basi hapana."

Éphraïm alirudi Butembo mikono mitupu. Wiki mbili baadaye, siku ya soko, Ornella mwenyewe alishuka kwenye gari la abiria mbele ya nyumba, amechoka, tope mpaka magotini. Hakuingia ndani kwanza. Alikaa kwenye kizingiti, akavua viatu, akasema:

"Yaya, nionyeshe."

Victoire alimfanya afunge na kufungua mara tatu, na mara ya nne akamruhusu aondoke nayo.