Chumba cha Chuma cha Bi Sayari

Tulimwita Bi Sayari kwa dhihaka, jina likamganda. Alikuwa msomaji wa prufu, zile kurasa za majaribio, katika kiwanda cha uchapaji nilikokuwa nikiendesha mashine ya kukatia karatasi. Kila saa ya chakula, sisi tukipiga soga, yeye alijibanza nyuma ya marobota ya karatasi akiandika habari za watu wanaoishi kwenye sayari zisizo na jua. Aliandika kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimekauka na kujikunja.

"Nani alikufanya hivyo?" nilimuuliza siku moja.

"Kaka," alijibu bila kuinua kichwa.

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mrithi wa karakana ya baba yao. Dada alipokuwa na miaka kumi na sita, kaka alimkuta amezama kwenye daftari huku sufuria ikiungua jikoni. Akalichana daftari. Binti akamrukia, akamng'ata shavu mpaka nyama ikaachana. Kaka akambwaga sakafuni, akaukanyaga ule mkono kwa buti la kazini na kuusaga kama mtu anayezima sigara. Binti aliondoka nyumbani wiki ileile, na hawakusemezana tena. "Yeye ana kovu, mimi nina vidole," aliniambia. "Tulitoka sare."

Bosi, mwenye kiwanda, aliichapa riwaya ya kwanza ya Bi Sayari kwa huruma na kujuta, ikaisha madukani kabla hajamaliza kujuta. Ya pili ikafuata. Ya tatu ndiyo iliyompa umaarufu. Humo, watawala wa sayari ya barafu huwafungia mateka katika chumba cha chuma kisicho na dirisha, kisha wanawasha moto chini ya sakafu. Kurasa kumi na nne za kuungua. Nilizisoma prufu zake nikashindwa kula.

"Dada, haya umeyatoa wapi?"

"Kichwani."

"Basi kichwa chako kina jehanamu."

Alicheka sana. Wasomaji walimwandikia barua kwa magunia, wengi wakiwa wanajeshi, nayo sura waliyoisifu ilikuwa ileile.

Kisha nchi ikapasuka. Wenye bunduki waliteka nusu ya mji, na asubuhi moja wakaingia kiwandani. Walikuwa wameambiwa tumechapa vipeperushi vya kuwapinga, na ni kweli tulikuwa tumevichapa. Walimpiga risasi bawabu pale ngazini. Bosi alipigwa kitako cha bunduki mdomoni, meno yake yakadondoka juu ya karatasi nyeupe, na mitambo bado inazunguka. Wakatufunga mikono kwa mbele watu kumi na mmoja. Bi Sayari hawakumfunga. Kamanda wao, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, alimshika mkono kwa heshima.

"Mama, vitabu vyako vyote ninavyo," alimwambia. "Leo nitakuonyesha kitu."

Walitupeleka kwenye karakana ya kaka yake Bi Sayari. Uani palisimama kontena kuukuu lililowahi kuwa ofisi, madirisha yake yamezibwa kwa mabati mapya. Lilikuwa limepandishwa juu ya matofali, na chini yake kuni zimepangwa vizuri. Fundi, yule kaka, alikuwa amepiga magoti kando yake, jicho moja limefumba kwa kipigo, tochi ya gesi mkononi. Alipomwona dada yake alitema damu.

"Ona ulichotuletea, mwanaharamu we! Ona!"

Kamanda alitoa kitabu kilichochakaa akampa Bi Sayari asome. Alisoma mistari miwili, sauti ikakatika. Kamanda akaumalizia ukurasa kwa kichwa, bila kukosea neno, machozi yakimlenga. Kisha akauliza kama mwanafunzi anayengoja alama, "Nimepatia?"

Bi Sayari alilitazama lile kontena. Aliliona wazo lake limesimama na kufuli. Alitapika, akajifuta mdomo kwa kile kiganja kibovu, kisha akasema, "Hujapatia."

"Wapi?"

"Ukuta wa nyuma lazima ukatwe tundu la ukubwa wa mlango, halafu uzibwe kwa bati. Bila hivyo joto halizunguki."

"Hilo halimo kitabuni."

"Lilikuwamo. Bosi alilikata alipohariri."

Kamanda akamgeukia Bosi. Bosi, mdomo umejaa damu, akaitikia kwa kichwa. "Nililikata mimi," alisema. "Lilikuwa refu mno."

Kamanda akafurahi kama mtu aliyedokezwa siri ya ndani. Akamwamuru fundi akate. Bi Sayari akamsogelea kaka yake, na hayo yakawa maneno yake ya kwanza kwake baada ya miaka ishirini.

"Kaka, lichomelee kama lile geti la mwalimu mkuu."

Mkono wa fundi ulisita. Mimi sikuelewa, Bi Sayari alinieleza baadaye. Zamani baba yao, kwa haraka, aliligusisha weldi geti la mwalimu mkuu sehemu nne tu, akapaka rangi juu. Siku mwalimu alipoliegemea, alianguka nalo mtaroni. Nyumba nzima ilicheka mwaka mzima.

"Sawa," fundi alisema, akashusha kinyago cha kuchomelea usoni.

Adhuhuri walitusukuma ndani, wakamwacha Bi Sayari nje atazame, wakafunga mlango, wakawasha. Giza lilikuwa zito. Kwanza ilikuwa kama kusimama kwenye mchanga wa jua kali. Kisha soli za viatu zikaanza kulainika. Mjalidi wetu, mfunga vitabu, bonge la mtu, alianza kupanda juu ya wenzake ili miguu isiguse sakafu. Alimkanyaga kifuani msichana wa mapokezi, nikasikia mbavu zikilia. Nilimgonga mjalidi kwa kichwa usoni, tena na tena, mpaka akateleza akaanguka. Hakuinuka. Nimeishi na kishindo kile.

"Nyuma!" Bosi alipiga kelele. "Hakuna kitu nilichokata, wajinga nyie! Sukumeni nyuma!"

Tukasukuma kwa mabega. Bati halikutikisika. Mara ya pili ngozi ya bega langu ilibaki pale, nikainusa ikiungua. Mara ya tatu likaitika, likaanguka nje kwa mshindo, na mwanga ukatupiga.

Nilichokiona nje nitakisema kama kilivyokuwa. Kamanda alikuwa amegeuka, bastola mkononi. Fundi alimchomekea tochi usoni, moto wote wazi. Sauti iliyotoka pale haikuwa ya mtu. Askari mmoja akampiga fundi risasi ya tumbo, kisha nyingine, naye hakuachia. Aliachia baada ya ya nne. Bi Sayari alikuwa ameokota nondo. Akampiga yule askari kooni kwa mkono wake wa kushoto, akamwongeza alipokuwa chini, mpaka nikamvuta kwa nywele tukimbie. Tulipita katikati ya marundo ya mbao uani kwa jirani huku risasi zikizipasua. Kati ya kumi na mmoja tulisalimika saba. Bosi hakuwamo.

Vita vilipokwisha, Kamanda aliletwa mahakamani akiwa kipofu. Wakili wake alikiinua kile kitabu. "Shahidi, si wewe uliyemfundisha?"

"Nilikiandika mimi," Bi Sayari alisema. "Nilikiandika nikiwa na hasira na mtu mmoja, nikaona raha." Kamanda alifungwa maisha, lakini sisi wawili tulirudi nyumbani kama walioshindwa.

Alikataa kitabu cha tatu kichapwe tena. Aliandika viwili zaidi, vya safari ndefu za vyombo vya anga, watu wakigombana na kupatana. Wahakiki wakasema amechuja. Siku moja wifi yake, mjane wa fundi, alikuja kwake. Nilikuwapo. Hakusalimia. Alimpiga kofi la kwanza na la pili, na Bi Sayari hakuinua mkono. Kisha mjane akakaa kitini, akihema.

"Alisema nini mwishoni?" aliuliza. "Usinidanganye. Wewe ni mtu wa kutunga."

"Hakusema la maana, wifi. Alimtukana yule askari mama yake. Tusi refu, mpaka pumzi ikaisha."

Mjane alimkazia macho. Kicheko kikamtoka, kibaya, chenye makamasi, akajifunika uso kwa kanga.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo huyo. Haya, nipe maji."

Bi Sayari akaenda kuleta.