Dakika Nne za Kuhifadhi

Scovia alifika Sindo kutoka Migori saa nne asubuhi, akakuta kikao kimeshaanza katika chumba cha dawa cha zahanati. Meneja Onyancha alikuwa ameshika barua ya kumfuta kazi sista Edith, muuguzi aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili. Karibu na mlango alikaa Nyatichi, binti wa marehemu Mzee Mosoti, yeye mwenyewe mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, ambaye ufuo mzima ulimjua kwa sauti yake.

Alhamisi, mashine ya oksijeni ya Mzee Mosoti iliganda. Edith alibonyeza kitufe chekundu cha dharura, ile mashine ikakataa kuwaka upya. Dakika nne zikapita. Alipotoka mbio kuleta mtungi wa akiba, mzee alikuwa ameshakata roho.

"Fundi amebadilisha kadi ya kumbukumbu, na sasa mashine iko sawa," Onyancha alisema. "Sista, mbona hukuleta mtungi mara moja?"

"Iliniambia ningoje," Edith alijibu kwa sauti ya chini. "Iliandika hapo kwa skrini, inahifadhi, tafadhali subiri. Na mimi nikasubiri."

Maneno hayo aliyaandika Scovia mwenyewe, kama alivyoandika programu yote ya mashine ile.

Kila kompyuta ina kerneli, msimamizi mkuu anayeziamrisha sehemu nyingine zote. Siku ya kawaida, kabla ya kuzima, kerneli huaga kila mmoja kwa adabu: kadi imalize kuandika, feni isimame. Siku ya dharura haiagi mtu. Inakata na kuwasha upya papo hapo, maana aliyeganda huenda asijibu kamwe. Scovia alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Hata hivyo, mwaka jana alichomeka mstari mmoja: hata kwenye dharura, rekodi zihifadhiwe kwanza. Alichukia kuona mapengo kwenye michoro yake ya takwimu. Hakuna zaidi ya hapo. Ulikuwa ujuaji tu wa mtu anayetaka kazi yake ionekane safi.

Kadi mbovu ilishatupwa. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua, naye angerudi Migori kula chakula cha mchana. Aliona aibu kwamba wazo hilo lilimjia, tena halikuondoka haraka.

"Si sista," alisema. "Ni mimi. Kadi ilikuwa imekufa. Niliiagiza kerneli isiwashe mpaka kadi imalize kuandika rekodi, ikaingoja, na sista akaingoja mashine. Asingeweza kujua."

Onyancha aliikunja barua, akaikunja tena. Edith alijifunika uso kwa kitambaa akalia kwa uchungu, maana kusafishwa jina hakukumrudisha mgonjwa wake.

"Nyathina, mwanangu," Edith alimwambia Scovia, "mzee alikuwa ananiangalia tu."

Nyatichi hakulia. Alimtazama Scovia kama mtu anayetafuta neno katika lugha asiyoizoea.

"Dada," aliuliza, "hizo rekodi ilikuwa inahifadhi, zilikuwa za nini?"

Scovia alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini alikuwa ameshaanza kusema kweli.

"Za baba yako," alisema. "Ilikuwa inaandika vile anapumua."