Kudandia kwa Mkono Dhaifu

Mimi ni mwoga wa karata, na sioni haya kulisema. Nafundisha hesabu katika sekondari moja ya Kitale na darasa langu halithubutu kukohoa, lakini nipe karata kumi na tatu mkononi uone ninavyoutazama mlango. Jumamosi ile woga ulinianza hata kabla hatujafika Webuye.

Tulikuwa tunakwenda Bungoma kucheza bridji, Kitale dhidi ya wenyeji. Manisha, mkaza mwana wa Mzee Harnam, ndiye aliyeendesha gari. Mzee mwenyewe, ambaye duka lake la vifaa vya ujenzi linajulikana kwa kila fundi wa Kitale, alikaa mbele na kilemba chake cha buluu. Tulipopita Webuye alinionyesha bomba refu la moshi la kiwanda cha karatasi, akanisimulia alivyokuwa akiwapelekea mafundi wa pale misumari kwa pikapu. Ni hadithi tamu. Mbele kidogo akanisimulia tena, neno kwa neno, na macho ya Manisha yakanitafuta kwenye kioo.

Chepkirui, kapteni wetu, alikuwa amenipigia simu asubuhi. Hakuzunguka mbuyu. Alisema Mzee ameanza kusahau, wenzetu wamechoka, na akiharibu tena leo atapumzishwa. Neno hilo kupumzishwa lilinichoma, kwa sababu najua maana yake. Tangu mkewe afariki, mzee huyu hana pengine pa kwenda isipokuwa kwenye meza ile. Na ndiye aliyenifundisha mchezo huu, wakati wengine walikuwa wakinicheka waziwazi.

Bridji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na wewe na mwenzako mnakaa mkitazamana. Kabla ya kucheza kuna mnada: kila mtu kwa zamu anataja mizunguko anayoahidi kushinda na aina ya karata, au anasema amepita. Huruhusiwi neno lingine lolote, wala kukonyeza, wala kuguna. Wapinzani wakianza mnada nawe ukaingia katikati, sisi Kitale tunaita kudandia. Mimi na Mzee tuna makubaliano yetu ya miaka: nikidandia kwa chini kabisa, kwa moja, huenda mkono wangu, yaani karata nilizogawiwa, ni dhaifu, sina kitu, ila aina hiyo moja ninayo nzuri. Simwambii tupande ahadi. Namwambia akipata nafasi ya kutupa karata ya kwanza, aanzie hapo.

Asubuhi nilidandia. Nilikuwa na shupaza tano safi na takataka nyingine, nikasema shupaza moja. Mzee akatabasamu kama mtu aliyeletewa mjukuu, akaruka hadi shupaza nne. Wapinzani wakatudabo, yaani wakaongeza adhabu yetu maradufu, wakatuchinja. Chepkirui alikuwa amesimama nyuma yangu na sikuhitaji kugeuka kujua uso wake ulivyo.

"Nilidhani uko na mkono, Mwalimu," Mzee aliniambia baadaye, kwa sauti ya chini.

Wakati wa chakula tulikaa pembeni na sahani zetu za kuku. Nilimweleza upya makubaliano yetu, polepole, jinsi ninavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza sehemu na desimali, na nilijichukia kila neno lilivyotoka. Yeye hakukasirika. Alinisikiliza huku akizungusha kikombe chake, kisha akanirudishia yote bila kukosea: moja ni mkono dhaifu, asipande, aanzie hapo. Nikasema sawasawa, Mzee. Moyoni nilisema hata chai haitapoa kabla hajasahau.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo tulipofika mchezo wa mwisho, na Kitale na Bungoma tukiwa karibu sawa. Gathii, mstaafu wa benki mwenye kikohozi cha makusudi, alikuwa kulia kwangu. Linet, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kibabii asiyecheka, alikuwa kushoto. Gathii akafungua mnada kwa uru moja. Nikatazama mkono wangu.

Kopa tano: kingi, kwini, jeki, kumi, na moja ndogo. Kwingine kote hakuna kitu. Huo ndio mkono wa kudandia hasa, ungeweza kuuchora ubaoni. Kopa moja, basi. Maneno mawili.

Niliiona asubuhi ikirudi: lile tabasamu, kopa nne, kuchinjwa, halafu Chepkirui akimshika Mzee begani kwa upole ule wa kumtoa mtu mahali. Nikijinyamazia, je? Hatapata nafasi ya kupanda popote. Hataharibu kitu. Nitakuwa nimemkinga. Gathii akakohoa. Mzee alikuwa akinitazama kwa utulivu, mikono yake mikubwa ikiwa imefunika karata.

"Napita," nikasema.

Linet akataja ahadi bila turufu, Gathii akampandisha, wakafika tatu. Maana yake, pamoja na ile sita ya msingi, walihitaji mizunguko tisa kati ya kumi na tatu, na wa kuanza kucheza alikuwa Mzee Harnam. Niliona kidole chake kikigusa karata moja ya pembeni, kikaiacha, kikairudia, kikaiacha. Akatupa pau.

Linet hakuhitaji zaidi. Alikula mizunguko yake tisa kama mtu anayevuna mahindi yake mwenyewe. Karata zilipolazwa wazi mezani, ile ambayo kidole cha Mzee kilikuwa kimeigusa ilikuwa esi ya kopa. Angeanza nayo, akanifuatishia kopa yake nyingine, tungekula mitano mfululizo na wangeanguka palepale. Badala yake Bungoma walishinda siku nzima kwa mkono huo.

Chepkirui alikuja na uso uliokwisha amua. Akamuuliza Mzee, kwa adabu zake zote, ni kwa nini mwenye esi ya kopa aanze na pau.

"Mwalimu alipita," Mzee akasema. "Angekuwa na kopa nzuri angesema kopa moja. Mkono dhaifu, nisipande, nianzie hapo. Hajasema, kwa hivyo hana. Si ndio tulikubaliana?"

Alikuwa amekumbuka. Alikuwa amekumbuka kila kitu, na akaamini kimya changu kuliko esi iliyokuwa mkononi mwake.

Kisha akanigeukia, na machoni mwake hapakuwa na lawama hata chembe. Palikuwa na wasiwasi juu yangu.

"Ulisahau, Mwalimu?"

Kulikuwa na majibu mawili tu. Moja lilikuwa la kweli, kwamba nilimwona ameisha, na lingemmaliza mbele ya watu wote.

"Nilisahau, Mzee," nikasema.

Chepkirui alinikazia macho hadi nikahisi masikio yakiwaka. Mwishowe alisema kwamba mechi ijayo Mzee atacheza na Vijay, mwenzetu mwingine wa Kitale, na mimi nipumzike kidogo. Nilikubali kabla hajamaliza.

Njiani kurudi Mzee alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma nami, akanieleza upya makubaliano yetu, polepole, bila haraka yoyote, akinihesabia kwa vidole vyake vinene. Akasema nisione haya, kichwa kinachoka tu, hata yeye asubuhi alichanganya. Nilikuwa nalia, naye akadhani nalilia mchezo.

Tulipofika Webuye alinigusa mkono, akanionyesha bomba la moshi, akaanza habari ya misumari. Nikamuuliza ilikuwa misumari ya inchi ngapi.