Msimamizi wa Apondi

Mimi ndiye niliyemsimamia Apondi siku ya kipaimara, nikamshika bega mbele ya askofu huku viatu vikinibana, kwa hiyo mtu asiniambie sikuwa na haki ya kununa jioni ile. Barua ilikuwa imetoka Uholanzi. Chuo kikuu cha huko kilikuwa kimemkubali akafanye utafiti wa miaka miwili juu ya wadudu wanaotoboa mahindi ghalani, na baba yake, Omolo, alikuwa bado hajasema ndiyo. Bila neno la Omolo msichana hangekwenda popote. Digrii alikuwa nayo, lakini adabu pia alikuwa nayo.

Tulikuwa Makongeni, kwenye nyumba za reli, mwaka wa sabini na tisa. Kazi ya Omolo ilikuwa kukagua breki za mabehewa, na hata nyumbani alikuwa mtu wa kukagua. Aliniita mimi jirani yake nikae kama shahidi, mkewe Benta akamimina chai, kisha Omolo akamwambia binti atusomee kwa Kiswahili mambo yote ambayo hao watu wanataka afanye.

Apondi akasoma. Afike kabla ya masomo kuanza. Awe na bima ya matibabu. Asichukue maandishi ya mwenzake akayafanya yake. Afuate masharti ya maabara. Omolo alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Amtii msimamizi wake," Apondi akaendelea, "na aonane naye kila wiki."

Omolo akaweka kikombe chini. "Msimamizi?"

"Ndiyo, Baba. Profesa mmoja, mwanamume."

"Bibi harusi anasimamiwa na mwanamke," Omolo akasema polepole. "Sasa huyu mwanamume ni wa nini? Na bwana harusi mwenyewe ni nani? Wewe unaenda kusoma ama unaenda kuolewa?"

Benta akaanza kulia hapo hapo bila kungoja jibu; ni mwepesi wa machozi, Mungu ambariki. Nami nikanuna. Kama kuna harusi, mbona msimamizi awe Mholanzi na mimi nipo, na gauni la zambarau ninalo? Nikayasema hayo hivyo hivyo.

Apondi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatueleza kwamba hakuna harusi. Huyo ni mtu wa kumwongoza katika kazi yake, na kazi ikiharibika naye ataulizwa. Barua ilikuwa kwa Kiingereza, na neno hilo hakupata namna nyingine ya kulisema kwa Kiswahili. Tukacheka sote, Benta na machozi yake, isipokuwa Omolo.

"Soma tena hapo kwa msimamizi," akasema.

"Mwanafunzi akiugua, akikwama au akikosea, amwambie msimamizi mapema, asifiche."

Kumbe hapo ndipo palipokuwa na donda. Apondi alikuwa mtoto wa kuficha. Mwaka uliotangulia alifanya mtihani na malaria mwilini, hakumwambia mtu, akaanguka mlangoni pa ukumbi akitoka, na sisi tukaja kujua akiwa amelazwa. Mtihani alipita, lakini Omolo hakusahau.

"Mimi nikikuta breki imelegea, nasema saa hiyo hiyo," akasema. "Behewa likishaondoka huwezi kulikimbiza. Hiyo bima na hayo mengine utaweza. Hili moja ndilo naogopa. Huko mbali, nani atajua umeanguka?"

"Nitasema, Baba."

"Hapana. Sema sasa. Kitu kimoja unatuficha."

Apondi akanitazama, vile alivyonitazama siku ile mbele ya askofu alipodhani amesahau jibu. Sikumsaidia. Nilimwekea mkono begani tu.

"Naogopa," akasema hatimaye. "Tangu barua ije silali vizuri. Naogopa nitafika huko wagundue sijui kitu. Nilikuwa naomba wewe ukatae, Baba, ndiyo isiwe ni mimi nimekataa."

Benta akataka kumkumbatia, Omolo akamzuia kwa mkono. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimpenda sana yule mzee wakati huo, ingawa ni mbishi.

"Sasa hiyo ndiyo taarifa," akasema. "Unaweza kwenda."

Akaenda. Barua zake za kwanza zilikuwa za baridi na viazi. Halafu jioni moja Omolo akaja mlangoni kwangu akiwa bado na ovaroli ya kazi, karatasi mkononi, akasoma: "Baba, mahindi yangu yote yameota ukungu kwa sababu nilisahau kufunga kabati. Nimemwambia msimamizi siku hiyo hiyo."

Akarudia kuisoma, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mfereji tunapochotea maji.

"Umesikia, Mama Gachanja?" akasema. "Ameharibu, na amesema."

Kisha akaenda mlango wa pili kuwasomea na wao.