Kimo cha Kwenye Leseni

Dokta Wulandari alikuja kutoka Java kuchimba pango letu, akatuambia kwamba zamani sana kisiwa hiki cha Flores kilikaliwa na watu wa kimo cha mita moja, waliowinda vitembo na kukimbizwa na korongo waliowazidi urefu. Habari za mapanya makubwa hazikutushangaza. Hayo tunayala mpaka leo.

"Lakini hao si mababu zenu," alisisitiza. Nani alimsikiliza? Ilipotokea kazi ya mlinzi wa pango, wazee waliamua apewe aliye mfupi kuliko wote, ili wageni waamini.

Wakabaki wawili: Sales, na shemeji yangu Rofinus. Kwa macho tu, Rofinus alikuwa ameshashinda. Sales akacheka.

"Rofi, hebu toa leseni yako ya pikipiki."

Leseni ilisema sentimita 160.

Nilitamani ardhi inimeze. Ile 160 Rofinus aliipata kwa kumlilia karani, enzi anamchumbia dada yangu Hilde. Baba aliapa kwamba hatamwoza bintiye kwa mwanamume mfupi kuliko yeye mwenyewe baba. Macho ya baba yalikuwa na ukungu, na aliyemsomea leseni ni mimi.

"Serikali haidanganyi," alisema Sales, ambaye naye aliwahi kumposa Hilde. "Mimi ni 152. Kazi yangu!"

"Si apimwe tu?" mzee mmoja aliuliza, ufito wa kupimia mkononi.

Rofinus akamtazama mkewe, aliyekuwa kwenye umati akitafuna tambuu. Akipimwa atapata kazi, lakini uongo wa miaka kumi na tisa utaanikwa juani.

"Hakuna haja," alisema kwa sauti ndogo. "Leseni inasema kweli."

Hilde akatema tambuu.

"Kweli gani, baba watoto? Suruali zako zote nazipunguza mimi. Unadhani nakata kwa kufuata leseni? Hebu simama pale!"

Akasimama. 146.

"Kumbe ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukumwambia baba yako?"

"Nimwambie, halafu niolewe na huyu?" Akamwonyesha Sales kwa kidevu.

Siku hiyo Sales ndiye aliyekuwa mfupi kuliko sisi sote, ila kazi ilikuwa imeshapata mwenyewe.