Kibanda cha Kasuku Juu ya Barabara ya Manguredjipa

Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025, umande ukiwa bado haujakauka, Kaswera alisimama katika uwanja wa nyumba aliyopanga mjini Butembo, kamba ya kupimia mkononi, akimwonyesha fundi Timothée mahali pa kuchimba mashimo manne. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo Kaswera alilitafuta mtaa kwa mtaa kabla ya kukubali kuhamia hapo: ulikaa ukingoni mwa kilima, na chini yake kidogo tu ilipita barabara inayotoka Manguredjipa.

Huko Manguredjipa ndiko alikokwenda mume wake, Gracien, kuchimba dhahabu, akiahidi kurudi kabla ya Noeli. Noeli ilipita, na nyingine ikapita. Kisha vita vikafika Mbau, kijijini kwao, na Kaswera akakimbia pamoja na binti yao Shekinah hadi Beni, akiwa na Biblia, nguo alizovaa, na tundu la kasuku wawili wa mumewe kichwani. Simu yake ilianguka katika msukumano wa watu, na pamoja nayo ikapotea namba pekee ambayo Gracien aliijua. Namba ya Gracien nayo ilikuwa haipatikani tena. Shekinah alipata mume huko Beni, akamsihi mama yake abaki naye. Kaswera aliwabariki wote wawili, akaendelea hadi Butembo.

"Baba yako akitoka kule machimboni atashukia Butembo," alimwambia. "Nitamungojea penye atapita."

Wale kasuku walikuwa wa kijivu, wenye mikia myekundu. Dume aliitwa Diacre, yaani Shemasi, kwa ajili ya suti yake ya kijivu na mwendo wake wa kupima hatua kama mtu anayepitisha kikapu cha sadaka. Jike aliitwa Elikia. Gracien aliwalea tangu wakiwa hawana manyoya. Naye alikuwa na mluzi wake: sauti mbili fupi, halafu moja ndefu inayopanda. Aliupiga kila jioni akitoka shamba la kakao, ili mke wake aweke maji ya kuoga motoni. Kasuku waliuiga vizuri hata mara nyingi Kaswera aliteka maji, akachochea moto, akangoja, na mume asionekane. Gracien alipofika saa mbili baadaye alicheka hadi akakaa chini. "Bibi yangu," alisema, "mimi nilikuoa, mais wewe unatii ndege."

Sasa mluzi ule ulikuwa umebaki kwa ndege peke yao, na ndani ya chumba cha Butembo ulikuwa ukiishia ukutani. Ndiyo maana Kaswera alitaka kibanda cha nje, kirefu kuliko mtu, kilichoelekea barabara. Gracien akipita juu ya gari, amechoka, amejifunika kofia, atasikia mluzi wake mwenyewe ukimwita kutoka kilimani. Je, mtu anaweza kusikia sauti yake ikimwita asigeuke?

Timothée alichimba mashimo, akasimamisha nguzo za mikaratusi, akaanza kupigilia wavu wa chuma. Alipofika upande wa barabara alitua nyundo.

"Mama Shekinah, huku tufunge na mbao. Baridi inatokea huku."

"Hapana. Uache wazi. Pande zote ine wazi, juu tuweke majani. Njo vile tulikuwa tunafanya ku Mbau."

"Mbau ni Mbau. Kule munatafuta upepo. Sisi batu ba Masereka, ku milima ya baridi, tunaukimbia. Kwetu hata kuku inalala karibu ya moto."

"Fundi, nani iko anajenga, na nani njo mwenye ndege?"

Timothée aliinua mikono kama mtu anayejisalimisha, akaendelea kupigilia.

Jirani Julienne, ambaye mume wake ni mtumishi wa serikali aliyetumwa kutoka Kasai, alikuwa akianika nguo huku akitazama kila kitu. "Yaya Kaswera!" aliita, kama anayemwita dada yake mkubwa. "Batoto yako ya manyoya banapata villa yenye vue ya barabara yote, na mimi bibi ya fonctionnaire niko mu chambre-salon ya vyumba mbili! Kama kunabaki nafasi, nihamie?"

"Uje, mais utalala umesimama juu ya fito."

"Sawa tu. Bwana yangu anakoroma."

Kibanda kilikwisha Jumatatu. Ndani yake Kaswera alifunga matawi ya mpera ya unene mbalimbali, kwa maana Gracien alimfundisha kwamba mguu wa kasuku huumia ukishika ufito wa unene mmoja siku zote. Aliweka beseni la maji, karanga, na ngazi, zile tunda nyekundu za michikichi, ambazo Shekinah alimtumia kutoka Beni. Siku ya kwanza ndege walijibana pembeni. Siku ya pili jua lilitoka, Diacre akanyoosha bawa moja, akanyoosha la pili, kisha akapiga mluzi.

Mluzi wote, mzima, ulitelemka kilima. Wauza mihogo barabarani waliinua vichwa. Kaswera aliacha unga kwenye sinia, akakaa chini, akalia kwa utulivu, kama mtu aliyesikia hodi.

Siku tatu baadaye, mluzi ulijibiwa. Sauti mbili fupi, moja ndefu. Kaswera hakuvaa hata viatu. Alitelemka kwa mbio, mikono myeupe kwa unga, akamkuta kijana mmoja wa pikipiki ameegemea usukani.

"Mama, samahani," kijana alisema alipouona uso wake. "Nilikuwa najibu ndege tu. Nilifikiri ni muchezo."

"Si kitu, mwanangu," alijibu. Kupanda kilima kile kulimchukua muda mrefu kuliko siku zote.

Wiki ya pili mvua zilishuka, na kila asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukaingia kibandani kwa ule upande wa barabara. Majani ya paa yalivujisha maji. Diacre alivimbisha manyoya, akafumba macho mchana. Timothée alipita kuangalia kazi yake, akamtazama ndege, hakucheka.

"Anakufa na baridi, mama. Niko na mbao leo hii. Nifunge?"

Kaswera alitazama barabara. "Kesho ni Jumanne. Magari ya Manguredjipa inashuka Jumanne. Uniachie kesho tu, fundi."

Asubuhi ya Jumanne alimkuta Diacre sakafuni, kifua kinapanda na kushuka, mkia ukidunda kwa kila pumzi. Alimfunga ndani ya kitenge, akamweka kifuani, akakaa karibu na mbabula yenye makaa. Punde akasikia lori la kwanza likishuka, kisha la pili. Elikia, aliyebaki fitoni peke yake, hakutoa sauti. Kaswera alihesabu magari manne kwa masikio, na hakuinuka. Aliusikia moyo wa ndege ukipiga mbio juu ya wake, akajiuliza Gracien angesema nini, akirudi leo, akikuta ameitwa na ndege waliokufa kwa kumwita.

"Julienne!" aliita kwa dirisha. "Mudogo wangu, unitumie mutoto kwa Timothée. Aje na mbao. Na mabati ya juu."

Timothée alifunga upande wote wa barabara, akahamishia fito kwenye ukuta wa jiko unaohifadhi joto. Diacre alishindwa kula siku tano. Siku ya sita alichukua ngazi moja, akaimenya polepole, akamtupia Kaswera ganda usoni. Baada ya wiki mbili mluzi ulirudi. Kaswera alishuka barabarani, akasimama kati ya wauza mihogo, akategea sikio kwa muda mrefu. Hakusikia chochote. Mbao za Timothée zilikuwa nzuri.

Hakupanda tena mara moja. Lori moja lilikuwa likipakia kwa ajili ya Manguredjipa. Alimwendea dereva, akamsalimu kwa heshima, akamwambia taratibu maneno aliyokuwa ameyapanga moyoni. Tangu siku ile huyarudia kila Jumanne, kwa kila anayekwenda magharibi, upande wa machimbo:

"Ukimuona mutu anaitwa Gracien wa Mbau, baba Shekinah, umwambie bibi yake iko muzima. Iko Butembo, kilimani juu ya barabara, kwenye kuko kibanda ya kasuku imefungwa na mbao. Asingojee kuitwa. Apande tu, abishe hodi."

Nawe uliyesoma hadi hapa, usibaki na maneno haya peke yako. Mpe dereva, mpe mchimbaji, mpe mama anayepeleka maharagwe sokoni, naye ampe mwingine, hadi yamfikie mwenyewe.