Sauti ya Mwanatatu Uwanjani

Ijumaa moja ya Januari, mwaka wa pili wa korona, kocha Mwongera aliingia kwenye bucha ya Mwanatatu karibu na soko la Meru, akapaka sanitaiza mikononi, akaomba nusu kilo ya mbavu na mifupa ya supu. Mwanatatu alimkatia bila kumwangalia. Hawakuwa wamewahi kusalimiana. Kwa miaka kumi na mmoja walijuana kwa njia moja tu: Mwanatatu akipiga kelele kutoka safu ya tatu ya jukwaa la jua, lile lisilo na paa, uwanja wa mpira wa mjini, na kocha akijifanya hasikii.

Timu yenyewe ilikuwa Kathita Rovers, ya ligi ya daraja la pili, ngazi moja tu chini ya ligi kuu, yenye wachezaji wa kulipwa ishirini na wanne na basi moja. Msimu ulikuwa umeanza bila mashabiki. Barua ilikuwa imetoka ikisema mikusanyiko ni hatari, tena hasa ya mpira, kwa sababu kelele hurusha mate na mate hubeba ugonjwa. Watu hamsini tu ndio walioruhusiwa kuingia uwanjani, ukihesabu wachezaji, marefa na daktari. Rovers walikuwa wamecheza mechi nne katika kimya hicho na kupoteza zote nne.

"Mama Nadhira," kocha akasema, kwa sababu hivyo ndivyo soko zima lilivyomwita, "Jumamosi iliyopita ungesema nini?"

"Ningesema nini na sikuwa?"

Kocha akamweleza mechi yote, tangu mpira wa kwanza. Alichora kwa kidole juu ya kaunta jinsi beki wa kushoto alivyobaki nyuma na jinsi katikati palivyokuwa wazi. Mwanatatu alisikiliza huku akigawanya mifupa kwa shoka. Alipomaliza alisema, "Mimi siwezi kusema kitu sijaona."

Hapo Mwongera akakiri jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe. Kwamba kwa miaka kumi na mmoja, kila mama huyu alipopiga kelele kwamba mchezaji fulani atolewe, yeye alikuwa anangoja dakika tatu ili isionekane, halafu anamtoa. Mwanatatu alifunga nyama kwenye karatasi, akaongeza kipande cha maini ambacho hakikuwa kimeombwa.

Kesho yake, saa tisa kamili mchana, sauti ya Mwanatatu ilitoka ikaenda uwanjani.

Hakukuwa na maumivu. Alikuwa anataka kumwambia mteja kwamba nyama ya mbuzi imekwisha, akafungua mdomo, pakawa hapana kitu. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua kikapu. Rashid, mumewe, alimtazama, akaona ni mzima, akamwambia mteja habari ya mbuzi yeye mwenyewe. Rashid hakupenda mpira. Alikuwa mtu wa maneno machache ambaye alikuwa ameoa maneno mengi, na aliendelea kupima nyama.

Uwanjani, sauti ilikaa pale pale safu ya tatu, ikaanza kwa kumwambia beki wa kushoto kwamba miguu yake si ya kuotesha mizizi. Wachezaji walimsikia wakanyoosha migongo. Dakika ya ishirini ikataka winga abadilishwe. Mwongera akangoja dakika tatu, kwa mazoea, kisha akambadilisha. Rovers walishinda mawili kwa moja. Sauti ilirudi buchani saa kumi na moja kasoro dakika tano, imekauka, ina vumbi, na Mwanatatu akainywesha maji ya moto yenye tangawizi. Hakujua iliona nini wala ilisema nini, ila kwa jinsi ilivyokuwa imekwaruza alijua wameshinda. Jumapili kocha alipita kumweleza. Walisalimiana.

Jumamosi iliyofuata zilikwenda sauti kama sitini. Baada ya mwezi mmoja zilikuwa elfu mbili na zaidi, na mji ukajipanga. Wenye tuktuk waliuliza unakokwenda kabla ya saa tisa, na baada ya hapo ukaonyesha kwa kidole. Felicitas, aliyekuwa akifundisha kwaya ya parokia, aliona sauti zake nzito za kiume zimetoweka zote isipokuwa moja, akahamisha mazoezi yakawa Jumapili. Kule Kiirua bwana harusi mmoja alifikiwa na saa tisa akiwa mbele ya altari, na padri, ambaye alikuwa na ratiba ya ligi, akakubali aandike "ndiyo" kwenye kijitabu cha nyimbo. Muadhini wa msikiti wa sokoni hakuwa mpenzi wa mpira, kwa hivyo adhana ya alasiri ilisikika kama siku zote, na siku hizo ilifika mbali zaidi.

Rovers walipokwenda kucheza Embu, sauti zililazimika kuondoka saa nne asubuhi ili ziwahi. Soko la Meru likauza viazi na kabichi kwa vidole mchana kutwa. Embu nao walikuwa na sauti zao. Zilikaa upande wa pili wa uwanja, zikarushiana maneno na za Meru kwa adabu ya kutosha, na mechi ikaisha sare.

Kamisaa wa mechi alikuwa Kobia, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hakuwahi kutuma fomu yenye nafasi wazi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu watu na kuandika. Siku ile ya kwanza aliandika: Mashabiki, hakuna. Sauti, moja. Kisha: Sauti, sitini. Kisha: Sauti, elfu mbili mia moja, kwa makadirio. Ofisi ya ligi haikuuliza ni sauti za namna gani. Ilijibu kwa waraka kwamba sauti zote zikae umbali wa mita moja na nusu, zipimwe joto mlangoni, na zivae barakoa.

Kobia alisimama mlangoni na kipimajoto. Nyingi zilikuwa thelathini na sita nukta nne. Tatu zilikuwa na joto la juu, akazirudisha, na wenyewe wakapimwa Jumatatu wakakutwa wanaugua kweli, wakatibiwa mapema wakapona. Kuhusu barakoa, watu waligundua wenyewe dawa yake. Ukifunga barakoa vizuri saa tisa kasoro dakika tano, sauti inatoka ikiwa imeivaa. Mwanatatu alivaa mbili, moja juu ya nyingine, na bado kocha alimsikia.

Hivyo ndivyo Rovers walivyopanda. Kufikia Julai walikuwa nafasi ya pili, na mechi moja ilikuwa imebaki. Wakishinda, wangeingia ligi kuu, mahali ambapo hakuna timu ya Meru katika kumbukumbu ya kocha iliyowahi kufika. Mechi ilikuwa ichezwe Jumamosi, uwanja wa mjini.

Siku ya Jumanne ikaja barua nyingine. Uwanja Jumamosi haupatikani. Mheshimiwa, ambaye alikuwa akitafuta kiti kikubwa kuliko kile alichokalia, alikuwa na mkutano wa hadhara hapo, na wananchi wote walikuwa wamealikwa. Mwongera alikwenda ofisi ya kaunti kuuliza ikiwa mikusanyiko imeruhusiwa. Akaambiwa haijaruhusiwa. Akauliza wale wananchi watakaa wapi. Akaambiwa huo si mkusanyiko, wananchi watakuwa wamekuja wenyewe. Kobia naye aliandika barua kurasa mbili, akiuliza ni watu hamsini wa aina gani. Haikujibiwa.

Mechi ikapelekwa Mitunguu, kwenye kiwanja cha shule ya msingi katikati ya mashamba ya ndizi. Hakukuwa na jukwaa. Sauti zilijipanga kati ya migomba na juu ya mabomba ya kumwagilia maji, mita moja na nusu kutoka moja hadi nyingine, na kwa sababu shamba lilikuwa kubwa, zilienea mpaka kwenye mfereji.

Wakati huo huo mjini Meru uwanja ulijaa. Watu walifika kwa malori, wengine walikaa juu ya ukuta. Rashid alikuwepo, kwa kuwa ndiye aliyepeleka nyama kwa wapishi wa mkutano, na yote haya alikuja kuyasimulia yeye. Saa tisa na dakika kumi Mheshimiwa alishika maikrofoni, akatoa salamu yake ambayo hujibiwa kwa neno moja kubwa. Watu elfu mbili na ushei wakafungua midomo. Hakukutoka kitu. Rashid peke yake alijibu, kwa heshima, akasikika uwanja mzima, akaona haya, akarudi kwenye sufuria.

Mheshimiwa alirudia salamu mara tatu. Kisha akahutubia kwa saa moja na nusu bila kukatizwa na mtu. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyepiga mluzi. Alipomaliza alikuwa na machozi machoni. Alisema katika maisha yake yote ya siasa hajawahi kusikilizwa namna ile, na kwamba atarudi.

Mitunguu, hadi dakika ya themanini na tisa, ilikuwa bila kwa bila. Ndipo beki wa wageni akaugusa mpira kwa mkono, refa akaonyesha penalti. Mpigaji wa penalti wa Rovers alikuwa Mutwiri, kijana mtulivu wa miaka ishirini na miwili kutoka Kiirua. Mutwiri hakuwa amewahi kukosa penalti mazoezini, na hakuwa amewahi kufunga hata moja mbele ya watu. Kila mtu Meru alijua hivyo. Miguu yake ilijua pia.

Aliweka mpira. Akarudi hatua nne. Sauti elfu mbili zilinyamaza kati ya ndizi, na hapo ndipo alipoanza kutetemeka, maana kelele alikuwa ameshazizoea.

Sauti ya Mwanatatu ilitoka kwenye migomba, ikavuka mstari wa pembeni, jambo ambalo kanuni za ligi hazikulitaja, ikaja mpaka sikioni mwake. Ilisema kwa kunong'ona:

"Piga tu, mwanangu. Hakuna mtu anakuona."

Mutwiri akatazama pande zote. Ilikuwa kweli. Kulikuwa na ndizi, na nyuma ya ndizi kulikuwa na ndizi. Alitembea akapiga, mpira ukaingia chini kulia, na kelele iliyofuata iliangusha mikungu miwili iliyokuwa imekaribia kuiva. Mwenye shamba hakudai fidia. Sauti yake ilikuwa mojawapo.

Jumapili Mwongera na Mutwiri walikuja buchani pamoja. Mwanatatu alikuwa amekoroga chai ya maziwa na kukaanga mahamri, akawakalisha nyuma ya kaunta, wakaeleza kila kitu mara mbili. Walipofika kwenye penalti, Mwanatatu alikataa kwamba ni yeye.

"Mimi? Mimi sijui kunong'ona, uliza huyu."

Rashid aliulizwa. Alifikiri kidogo. Akasema kuna usiku mmoja wa mwaka wa tisini na nane, Nadhira akiwa mchanga na ana homa. Mwanatatu akamwongezea chai kabla hajamaliza.

Msimu wa ligi kuu ulipokaribia, barua ya ligi ilikuwa ile ile. Mashabiki hawaruhusiwi. Uwanja wa mjini, Jumamosi na Jumapili zote mpaka Desemba, umechukuliwa kwa mikutano ya Mheshimiwa, kwa hivyo Rovers watacheza Jumatano. Mwanatatu aliisoma akiwa amesimama. Hakuwa na haja ya kuomba sauti yake iruhusiwe, maana ilikuwa inaingia bila kuomba. Alichotaka kujua ni kwa nini yeye mwenyewe, na miguu yake, hawezi kukaa safu ya tatu Jumatano, ikiwa Jumamosi mtu yeyote anaweza kukaa hapo hapo akisikiliza hotuba.

Jumatano ya mechi ya kwanza alivaa buibui yake nzuri, akamwachia Rashid bucha, akaenda na barua hiyo ofisi ile ile ya kaunti kuuliza. Alifika saa saba. Akaambiwa angoje. Saa tisa kasoro dakika nane aliitwa ndani kwa afisa kijana, msafi, mwenye adabu, aliyemkaribisha kiti na kumpa sanitaiza.

Afisa alisikiliza hadi mwisho. Akafungua faili, akamweleza kwa upole kwamba hilo jambo limechunguzwa. Kinacholeta ugonjwa ni kelele, mama, si watu. Na mkutano wa Mheshimiwa, kwa mujibu wa ripoti ya askari wote waliokuwepo, haukuwa na kelele hata moja. Ulizingatia masharti kuliko mkusanyiko wowote katika kaunti tangu korona iingie. Mpira, kwa upande mwingine, una ripoti za kamisaa zinazosema sauti elfu mbili mia moja. Akamgeuzia faili ajionee. Ulikuwa mwandiko wa Kobia, safi kabisa.

Mwanatatu alisoma. Kisha akaegemea mbele, akaweka kidole juu ya meza. Alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, alikuwa ameliona lote kwa pamoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Sikiza nikwambie, afisa," akasema. "Wale watu hawakuwa wamenyamaza. Wale watu walikuwa—"

Saa ya ukutani ilikuwa imefika tisa.

Afisa alingoja. Alimwona mama ameketi ametulia, mdomo umefungwa nyuma ya barakoa mbili, akaelewa kwamba ameridhika. Alimshukuru kwa kuelewa. Akachukua muhuri, akagonga barua yake neno IMESHUGHULIKIWA, akamfungulia mlango mwenyewe.

Nje jua lilikuwa kali na barabara ilikuwa na watu wanaoonyeshana vidole. Uwanja haukuwa mbali na ofisi. Mwanatatu aliposhuka ngazi alisikia filimbi ya kuanza, na juu ya filimbi, juu ya wengine wote, sauti yake mwenyewe ikimalizia:

"—na sisi! Walikuwa na sisi!"

Wachezaji ishirini na wawili waligeuka. Mwongera, ambaye hakujua hayo ni maagizo ya namna gani, alitazama saa ili ahesabu dakika tatu. Kobia akafungua fomu yake, akatafuta mahali pa kuyaandika, akayaandika.

Mwanatatu alisimama kando ya barabara, barua mkononi, akatikisa kichwa kukubali. Sauti ilikuwa imesema sawasawa.